Mjadala: Wenye miaka 40 na zaidi walazimishwe kupima moyo kabla ya marathoni?

Mkimbiaji, Tudor

Wenzangu, kila Jumamosi alfajiri pale Mama Ngina, hapa Mombasa, kundi linazidi kukua, na wengi wetu tumevuka 40. Mtu anaanza na kilomita tano, mwaka haujaisha ashazungumzia 42. Juzi tukipanda Daraja la Nyali, mzee mmoja wetu alisimama, mkono mmoja kwenye ukingo, wa pili akiusugua kifuani polepole. Kumuuliza, akasema ni kiungulia, alikula usiku sana. Kikapoa, akanywa maji, akaendelea. Hakuna aliyemzuia, maana tushaamini kwamba anayekimbia hapatwi na ugonjwa wa moyo.

Si kweli. Mwaka 2023 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupiga picha mishipa inayolisha moyo. Waliwalinganisha wanaume waliofanya michezo ya masafa marefu maisha yao yote na wenzao wenye afya wanaofanya mazoezi ya kawaida tu. Waliokutwa na mafuta mengi zaidi yaliyoganda kwenye kuta za mishipa ni wale wa mazoezi makali. Nasema hivi: uliyefika 40 na unataka kilomita 42, leta cheti cha daktari ndipo upewe namba. Mwasemaje?

Kocha, Likoni

Napinga, na napinga kwa nguvu. Mtawaogofya watu warudi kwenye viti. Huko Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2010 walihesabu wakimbiaji karibu milioni 11 wa marathoni na nusu marathoni. Moyo ulisimama kwa watu 59, wakafa 42. Hata mmoja kwa kila laki moja hafiki! Wanaoanguka na kiharusi mitaani kwetu ni watu wa presha na sukari, wengi hawajakimbia tangu shule.

Na hiyo ya mishipa isomwe yote. Utafiti wa Dallas wa mwaka 2019, wanaume karibu 22,000: waliofanya mazoezi mengi kabisa walikuwa na kalsiamu zaidi kidogo kwenye mishipa, yaani chokaa inayoonyesha mishipa imeanza kuganda mafuta, lakini vifo vyao havikuzidi vya wengine. Sasa huyu mama wa mahamri anayekimbia nami Jumapili, ukimwambia alipie daktari kwanza, atakuja? Hatakuja.

Nesi, Kisauni

Kaka zangu, kabla ya yote: yule mzee asikimbie tena mpaka aonwe na daktari. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda mlima na kupoa ukisimama, usiyaite kiungulia. Hiyo ndiyo dalili yenyewe ya mishipa ya moyo kuwa myembamba. Mpelekeni wiki hii, msingoje Jumamosi.

Kuhusu cheti, nina shaka na kipimo watakachokiandikia. Wengi watapimwa umeme wa moyo wakiwa wamelala kitandani, wapewe karatasi, waondoke na furaha. Kipimo hicho kinaweza kutoka kizuri kabisa hali mshipa umeziba nusu, na kwa watu wa umri wetu mishipa ndiyo inayoua. Upande wa pili, moyo wa mkimbiaji hupanuka, mapigo hushuka hata 40 kwa dakika akiwa amepumzika, na wanamichezo Waafrika mara nyingi huwa na mchoro ambao daktari asiyezoea ataudhania ugonjwa. Mzima atazuiwa, mgonjwa ataruhusiwa.

Msisahau pia mapigo kwenda mrama. Wasweden waliwafuatilia zaidi ya watu 52,000 walioshiriki mbio ndefu za kuteleza kwenye theluji. Walioshiriki mara nyingi zaidi, na wenye kasi zaidi, ndio walioongoza kwa tatizo hilo. Ukisikia moyo unadunda ovyo ukiwa umekaa, njoo tukupime.

Mwalimu, Bamburi

Kuhusu sheria: Italia ililazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa tangu mwaka 1982, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vilipungua sana. Israeli ikaweka sheria kama hiyo mwaka 1997, ila watafiti hawakuona vifo kupungua. Na tafiti ya Veneto ilihusu vijana, ambao huuawa zaidi na kasoro za kuzaliwa nazo. Kwa mtu wa miaka 50 wa Mombasa haituambii mengi.

Mkimbiaji, Tudor

Mzee tumeshazungumza naye, anakwenda hospitali na mwanawe.

Hoja yangu siiachi, naibana. Fomu ya kujiandikisha iulize kwa Kiswahili: una presha, una sukari, wavuta sigara, kuna ndugu aliyekufa kwa moyo akiwa kijana, kifua hukubana ukikimbia? Atakayejibu ndiyo, huyo ndiye alete cheti, na apimwe akiwa kwenye mashine ya kukimbilia, si kitandani. Kisha njiani kuwe na mashine za kushtua moyo na watu wanaojua kubonyeza kifua. Hesabu mpya ya Marekani, ya mwaka 2025, inaonyesha moyo bado unasimama kwa kiwango kilekile cha zamani, lakini vifo vimepungua kwa nusu, na watafiti wanaona ni kwa sababu watu wanahudumiwa papo hapo barabarani.

Kocha, wewe ndiye unayekaa na waandaaji. Utawafikishia?

Kocha, Likoni

Mashine na mafunzo nitavidai, hata kesho. Maswali pia sawa. Cheti bado napinga, mpaka mniambie nani atamlipia yule mama.