Mgonjwa wa moyo akifa ghafla, apimwe kabla ya kuzikwa?

Wadau, naleta hoja. Juzi nilikuwa msibani Magomeni. Marehemu, mama mtu mzima, alikuwa anatumia digoksini, ile dawa ya moyo. Maiti haijaoshwa, minong'ono ilishazunguka turubai zima: mkwe wake ndiye aliyekuwa anampa vidonge. Alasiri tukazika, ila maneno hayakuzikwa. Mimi nasema kifo cha hivi damu ichukuliwe, iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ndipo tuzike.

MAMA NURU: Mnatafuta balaa. Sisi maiti hatuicheleweshi. Na ukishapeleka damu, mkwe kashahukumiwa mtaa mzima hata kabla ya majibu.

MTU WA MAABARA: Kuchelewa kusiwatishe, kuchukua sampuli hakuhitaji siku nzima. Ninachoogopa mimi ni namba. Aliye hai na anayetibiwa, digoksini kwenye damu yake huwa kama nanogramu 0.5 hadi 2 kwa mililita. Sasa dawa hii hujikusanya kwenye msuli wa moyo. Mtu akifa, inavuja kurudi kwenye damu iliyo jirani. Ukichomeka sindano moyoni unaweza kupata kiwango kikubwa mno, na marehemu hakuzidishiwa hata nusu kidonge! Damu itolewe mshipa wa paja, na maji ya ndani ya jicho yachukuliwe pia. Tena muulizie figo: zikichoka, dawa haitoki vizuri, dozi ile ile ya kila siku inageuka sumu.

Kule Toronto, nesi Susan Nelles alishtakiwa mwaka 1981 kwa vifo vya watoto wodi ya moyo, digoksini ikiwa ndiyo hoja kuu. Mwaka 1982 mahakama ikamwachia, ushahidi haukutosha.

FUNDI SAA: Usituletee wa upande mmoja. Charles Cullen wa Marekani je? Nesi huyo alikamatwa 2003, akakiri kuua wagonjwa, na digoksini ilikuwa mojawapo ya silaha zake. Bila vipimo angeendelea.

MTU WA MAABARA: Sijakataa kupima, kaka. Nakataa kumfunga mtu kwa namba moja. Mleta hoja, vidonge vilivyobaki mlivihesabu? Tarehe ya kununua ipo, dozi ipo, hesabu ya darasa la tatu tu.

MLETA HOJA: Kopo lilikuwa dirishani. Shangazi zake walifagia chumba asubuhi ile ile ili wageni wapate pa kukaa. Gari la taka lilipita saa nne.