Chini ya mtelezo na bembea tuweke nini: mchanga, kokoto, vibanzi vya mbao, mpira au nyasi?

MamaPacha
Habarini wadau. Nyuma ya nyumba nina kipande cha mita 6 kwa 8, nataka kiwe cha watoto. Kutakuwa na mtelezo mdogo ambao jukwaa lake liko mita 1.5 kutoka chini, bembea ya kiti kimoja, na mahali pa kuchimbachimba. Mdogo ana mwaka na nusu, kila anachookota kinaingia mdomoni. Wakubwa wako shule ya msingi na kutulia hawajui. Ardhi niifunike na nini?

NyasiTu
Acha nyasi zilizopo. Hazichomi jua likiwa kali, hazina gharama ya kujaza upya, na sisi wote tumekulia kwenye nyasi na udongo, tuko wazima.

FundiBustani
NyasiTu, kwa kukimbia na kupiga mpira nakubaliana nawe. Chini ya mtelezo, hapana. Pale watoto wanapotua kila siku ndipo nyasi zinapokufa kwanza, kinabaki kipara cha udongo mgumu kama sakafu. Mwongozo wa tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa (CPSC) hauhesabu nyasi wala udongo kuwa kinga ya kuanguka, kwa sababu hiyohiyo ya kuchakaa.

MamaPacha, anza na urefu ambao mtoto anaweza kuanguka kutoka hapo, ndipo uje kwenye kifuniko. Kwa vipimo vya mwongozo huo, mchanga wa kina cha sentimita 23 unamlinda anayeanguka kutoka kama mita 1.2. Kokoto ndogo za mviringo, kina hichohicho, mita 1.5. Vibanzi vya mbao sentimita 23, mita 3. Mpira uliosagwa unafika mita 3 kwa sentimita 15 tu. Jukwaa lako ni mita 1.5, kwa hiyo mchanga umeshatoka, na kokoto ziko ukingoni kabisa. Tena kwa mtoto wa mwaka na nusu kokoto ningezifuta bila kufikiri mara mbili: zinakaba koo, zinaingizwa puani na masikioni, na wakubwa watazirusha.

BabaWanne
Mimi ni wa mpira. Hauozi, hauliwi na mchwa, maji yanapita, na hauhitaji kujazwa mara kwa mara.

Shangazi_K
Mpira una jua lake, BabaWanne. Pasipo na kivuli, mchana unapata moto mpaka mtoto asiyevaa viatu hawezi kusimama. Na kama unatokana na matairi, hakikisha nyuzi za chuma zimeondolewa zote. Kwa anayeonja kila kitu mimi nisingeumwaga huo wa vipande. Vigae vya mpira afadhali, ila muulize muuzaji vimepimwa kwa kuanguka kutoka urefu gani. Unene wa kigae ndio unaoamua, na vile vyembamba ni mapambo tu. Kapeti la nyasi bandia nalo ni hivyohivyo, bila godoro lake la chini halisaidii kitu.

BabaWanne
Kivuli kwangu kipo, labda ndiyo maana sijaliona hilo. Lakini uzuri mmoja wa vigae msiusahau: vinaweza kulazwa juu ya zege. Vibanzi au mchanga juu ya zege ni hatari, vinasogea na zege linatokeza palepale mtoto anapotua.

MamaPacha
Huku ni udongo, hakuna zege. Kuna karakana inagawa maranda bure, hayafai?

FundiBustani
Hayafai. Maranda yanabonyea haraka, upepo unayachukua, yakilowa yanakuwa tope. Unataka vibanzi vinene vilivyokatwa kwa mashine, visiwe na misumari wala vumbi la msumeno. Uliza pia mbao zilitoka wapi. Zile zilizotiwa CCA, dawa ya kuzuia mbao zisioze, zina aseniki, ambayo ni sumu. Huko Marekani watengenezaji waliacha kuzitia dawa hiyo kwa matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa 2003, lakini mbao za zamani bado zinazunguka, na zikisagwa huwezi kuzitambua kwa macho.

Mwaga sentimita 30, kwa sababu vitashuka mpaka kama 23. Chini tandika kitambaa kinachopitisha maji ili visichanganyike na udongo. Piga mstari wa rangi kwenye nguzo ya mtelezo kwenye kimo unachotaka, mstari ukionekana wote ujue ni wakati wa kujaza. Usiviegemeze kwenye ukuta wa nyumba kama eneo lako lina mchwa.

Mlezi_wa_Chekechea
Hamjamwambia habari ya bembea. Mtelezo unahitaji mita 1.8 za wazi kila upande. Bembea inahitaji mbele na nyuma mara mbili ya kimo cha pale kamba zinapofungwa. Boriti ikiwa mita 2 juu, ni mita 4 mbele na 4 nyuma, yaani urefu wote wa uwanja wako. Mtelezo utaingia kwenye njia ya bembea.

Mchanga nao msiutupe. Kwa kuchimba hakuna kinachoushinda, mradi umeoshwa na hauna vumbi la mawe. Ufunike kwa turubai kila watoto wakiondoka, maana paka wakiugeuza choo wanaacha mayai ya minyoo ya Toxocara, na hayo hudumu muda mrefu ardhini.

MamaPacha
Duh, bembea sikuipimia kabisa. Basi isubiri. Mtelezo una urefu wa mita 2.2 na upana wa sentimita 60, nikiulaza kwa upande wa mita 6 unakaa na nafasi yake. Hapo vibanzi, mita 6 kwa 4.2. Mwisho wa uwanja kisanduku cha mchanga chenye turubai, panapobaki nyasi. NyasiTu usinune.

NyasiTu
Sijanuna, nimepata robo yangu 😄

FundiBustani
Kwa kina cha sentimita 30 hiyo ni mita za ujazo saba na nusu hivi. Waambie wakupimie kwa ujazo, usikubali kuuziwa kwa kilo, vibanzi vikilowa uzito unadanganya. Na reki iwe karibu: pale mtoto anapomalizikia kuteleza patachimbika kila wiki.