Wenye pumu mnaofanya mazoezi, tupeane uzoefu

BintiKigamboni: Wakuu, salaam. Nina miaka 34, pumu ninayo tangu utotoni. Shuleni mchakamchaka ukianza mimi nilibaki kushika masweta ya wenzangu. Sasa presha imeanza kuchungulia na daktari kasema nifanye mazoezi. Nikitembea haraka naenda vizuri tu, ila nikishasimama, baada ya dakika chache kifua kinabana na kupiga filimbi. Nyie mnafanyaje? Nataka mliyoyapitia wenyewe. Asali na kitunguu saumu nimeshashauriwa, asanteni.

Mzee wa Uyole: Hiyo ya kubanwa ukishasimama ndiyo yenyewe, binti yangu. Ukihemea mdomoni kwa kasi, njia za hewa zinapoa na kukauka, kisha zinajikaza. Mara nyingi hukolea dakika 5 hadi 15 baada ya kuacha. Huku Mbeya mwezi wa saba alfajiri sithubutu, baridi na vumbi vyote vinakusubiri. Nangoja jua litoke, najifunga skafu puani na mdomoni. Halafu napasha mwili: natembea, nakimbia kipande kifupi, natembea tena, kama dakika 10 au 15, ndipo naanza mbio zenyewe. Nikipasha hivyo, kifua kinanistahi. Na kumaliza ni polepole vilevile, sisimami ghafla.

Mama Jogingi: Mimi niko klabu ya jogingi Temeke. Kipimo changu ni nyimbo. Kiongozi akianzisha, nikiweza kuitikia kibwagizo chote, mwendo wangu uko sawa. Nikianza kuokoteza neno la mwisho tu, napunguza na kusogea pembeni. Adui yetu ni moshi, wa daladala na wa wanaochoma taka, kwa hiyo tunatoka kabla barabara haijachangamka. Inhela, kile kidude cha kupulizia dawa ya pumu, inakaa mfuko wa nyuma wa bukta, wenye zipu, na wenzangu wawili wanajua ilipo.

Pwani Ndipo: Mie wa Mombasa, kukimbia sikuwezi. Naogelea baharini, na mwenzangu daima. Hewa ya pale ina unyevu, kifua hakikauki. Bwawa la klorini ndilo lanikohoza.

Nesi Mstaafu: Nina pumu pia, na nimewahudumia wengi. Tatizo ninaloliona sana ni watu kutegemea inhela ya bluu peke yake. Ile inafungua njia, uvimbe wa ndani inauacha palepale. Wa kuutuliza ni dawa ya kuzuia, kwa wengi ile ya kahawia, beklometasoni: kila siku, hata ukijisikia mzima, kisha sukutua mdomo. Ukijikuta unaihitaji bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, kliniki kwanza, raba baadaye. Kama umeandikiwa kupuliza bluu kabla ya mazoezi, ni dakika 10 hadi 15 kabla, si ukiwa umeshabanwa.

Na wengi wanapulizia ulimi! Tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, zuia hadi sekunde 10. Mkono na pumzi visipopatana, tumia chupa ya maji ya nusu lita: kitako kinatobolewa tundu la kubana mdomo wa inhela, unavutia kule kwenye mdomo wa chupa. Ukibanwa katikati ya mazoezi, acha, kaa wima, puliza ile ya bluu. Usipopata nafuu au ukashindwa kumaliza sentensi, hospitali, usingoje.

Kijana wa Moshi: Kwa wanaoambiwa pumu na mbio haviivi chungu kimoja: Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na 2003 alikimbia marathoni ya London kwa 2:15:25. Rekodi hiyo ya dunia kwa wanawake ilidumu hadi 2019, akaivunja Brigid Kosgei wa Kenya kule Chicago.

BintiKigamboni: Asanteni sana, shikamoo Nesi. Nikienda kliniki naulizia hiyo ya kuzuia. Mama Jogingi, klabu yenu inapokea wanaotembea tu?

Mama Jogingi: Inapokea, mdogo wangu. Wanaotembea wanatangulia, sisi tunawakuta njiani. Nicheki inboksi nikwambie tunapokutania.