Mjadala: Mahamri yanaua neva, au tunatishwa tu?

Mpwa wa Langoni: Assalaam aleikum. Shangazi yangu hapa Lamu ana ganzi ya miguu mwaka wa pili huu, na sasa anayumba akitembea. Mwanawe amempiga marufuku ngano: mahamri, chapati, sambusa, vyote. Ati gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, inakula ubongo. Ni kweli, au ni mambo ya watalii wa kule Shela? Toeni maoni.

Nahodha: Ingekuwa kweli, Usita wa Mui, barabara yetu kuu, mzima tungekuwa tunapepesuka. Ganzi ya miguu kwetu ni sukari. Apimwe sukari. Hayo mengine ni biashara ya unga usio na gluteni wa bei ghali.

Muuguzi mstaafu: Nahodha, kwa sukari nakuunga mkono, na aongeze kipimo cha vitamini B12. Lakini usicheke yote. Mwaka 1996 Marios Hadjivassiliou na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipima wagonjwa wa neva ambao chanzo cha maradhi yao hakijulikani. Zaidi ya nusu walikuwa na kingamwili za gluteni kwenye damu, yaani silaha za mwili dhidi ya gluteni, na wengi wao tumbo halikuwasumbua kabisa. Kinga ya mwili hukosea shabaha, ikashambulia seli za neva ziitwazo Purkinje kwenye serebelamu, sehemu ya ubongo inayotuweka wima. Seli hizo zikifa hazioti tena, ndiyo maana kuchelewa ni hasara.

Nahodha: Na wenye afya hawana hizo kingamwili?

Muuguzi mstaafu: Wako walio nazo. Hapo ndipo madaktari wenyewe wanapogombana, na mimi sioni kipimo hicho peke yake kikitosha kumhukumu mtu. Ugonjwa wa siliaki wenyewe, ambapo gluteni huumiza utumbo, hupata kama mtu 1 katika 100 duniani. Kosa la huyo kijana ni moja: ukiacha ngano kabla ya kupimwa, kingamwili hushuka na majibu yanadanganya. Shangazi aendelee kula mpaka atolewe damu ya kupimwa.

Bi Mofa: Hata akikatazwa hafi njaa. Kuna mofa ya mtama, mkate wa kumimina wa mchele, muhogo wa nazi. Viazi vya karai tu ndivyo aulize, wengi hutia unga wa ngano.

Mpwa wa Langoni: Nimemsomea shangazi. La seli hakulisikia. La kuendelea kula amelisikia vizuri, keshatuma mtoto akalete mahamri manne na mbaazi.