KAFUNUA SUFURIA YANGU YA PILAU ETI NDIYO INALOWESHA UKUTA!!!

BiMkali_Preston: Wakuu mlioko Uingereza, leo nusura nilale polisi. Yule mzungu mnamjua, msinilazimishe kumtaja, yule wa vani nyeupe na kale kamashine kanakolia piii ukikabandika ukutani. Kaja kukagua unyevu, hata koti hajavua, kapitiliza mpaka jikoni KAFUNUA SUFURIA YANGU. Pilau ipo kwenye moto mdogo nimeifunika na foili, kaichana foili, kachungulia, katikisa kichwa, eti chanzo cha unyevu ndiyo hiki, mnapika sana.

Nyumba ya miaka ya 1930, tofali nyekundu, kuta mbili na uwazi katikati kama milimita 50. Ilikuwa kavu miaka yote mpaka wakaja wale vijana wa "bure mama, serikali inalipa, weka sahihi hapa", wakatoboa matundu nje kwenye maungio ya tofali, wakapuliza sufi ya madini ya kuzuia baridi ndani, wakaziba wakasepa. Kumbe ule uwazi ndio ulikuwa unatuokoa, mvua ikipenya tofali la nje inateremka zake chini. Sasa kumejaa sufi, na ukuta wa magharibi unachapwa na mvua ya upepo wa baharini wiki nzima, maji yanavuka kama yana viza. Plasta chini ya dirisha ukibonyeza kidole kinazama. Koti la mume wangu kabatini lina ukungu wa kijani mpaka kolani.

Na mvua ikikata ukuta unakauka wenyewe na mimi napika vilevile! Pilau inasikiliza utabiri wa hali ya hewa? Nikamwambia toboa basi uingize kamera uone, akasema haina haja. Haina haja! Ila sufuria kafunua bila hodi. Garantii ya miaka 25 ipo kwenye droo, ukiwapigia wanakuletea mtu wa kuchungulia vyungu. Na pilau imetoka na kiini.

mchele_wa_kyela: Ilikuwa ya nyama au kuku? Tusihukumu upande mmoja

FundiCoventry: Huyohuyo! Kwangu alisema tunaoga sana 😂 Dada, sufi inatolewa, wanainyonya kwa mashine, wabane wao walioweka. Na wengine kabla hamjasaini angalieni tofali nje, zikiwa zimelala urefu zote kuna uwazi, mkiona na vichwa vinapishana huo ukuta ni mzima hauna pa kupulizia. Ila gata umekagua? Ikivuja nayo inalowesha

BiMkali_Preston: Mtu KAFUNUA SUFURIA wewe unaniuliza gata

swali_tu: Nguo mnaanika ndani kwenye redieta ya kupashia nyumba joto?

BiMkali_Preston: Nguo zinahusianaje hapa

swali_tu: Haya, hatujajibiwa wakuu

mpangaji_Leeds: Afadhali yako ni nyumba yako. Mimi niliposikia Sheria ya Awaab, ile ya kumbana mwenye nyumba ashughulikie unyevu na ukungu haraka, imeanza Oktoba 2025 nikasema nimepona, kumbe wameanza na nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi, sisi wa mwenye nyumba binafsi tukae benchi. Wangu kaniletea kopo la rangi nyeupe nipake juu ya ukungu, wiki ileile kapandisha kodi

FundiCoventry: Wangu rangi hata hakuleta, alileta dihumidifaya, mashine ya kunyonya unyevu hewani, umeme nalipa mimi

mtoto_wa_shangani: Nyinyi mna redieta mnalia. Huku Mji Mkongwe nyumba ya bibi, mawe na chokaa, mjomba kaleta fundi kapiga plasta ya saruji nje eti ipendeze. Unyevu umekosa pa kutokea, sasa inabanduka mapande mapande inaangukia wapita njia. Tumemwambia aivue arudishe chokaa, kasusa, hata futari haji kwetu

dalali_mwaminifu: Mkuu hiyo ya Shangani mnauza? Nina mteja ana keshi

mtoto_wa_shangani: Kaongee na mjomba, mimi kanibloku

dalali_mwaminifu: Mirathi lakini imeshagawanywa?

mtoto_wa_shangani: Usianze