Trekta dogo la haidrostati: mkono wa sungura na kobe unagoma kuingia, naombeni ushauri

Binti Kibosho

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoyajua haya matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani, yale ambayo huchezi na gia kila mara. Lina pedali mguu wa kulia: ukikanyaga mbele linaenda, ukikanyaga nyuma linarudi, ukiachia linasimama. Lipo shambani kwetu Kibosho, kazi yake ni kufyeka majani kwenye kahawa, kuvuta tela la samadi na kushusha ndizi hadi barabarani.

Shida ni ule mkono wa pembeni ya kiti wenye picha ya sungura na kobe. Kuutoa kobe kuupeleka sungura unagoma. Kijana anayeliendesha anausukuma kwa mikono miwili, unalia krrr, saa nyingine unaingia kwa kishindo mpaka kiti kinatikisika. Kurudi kobe ndiyo balaa zaidi, hasa tukiwa mteremkoni na tela lina mzigo. Asubuhi hali ni mbaya kuliko mchana.

Maandishi yote ni ya Kijapani na kitabu hakuna. Fundi niliyempata mjini amesikiliza mlio tu akasema meno yamekwisha, tushushe gia boksi. Kabla sijatoa hela nimeona niulize. Nawasilisha.

Dereva wa Mbuga

Pole dada. Kijana wako anaogopa tu. Mwambie abadilishe trekta likiwa linatembea taratibu, linapokea lenyewe. Mimi huku Lower Moshi ndivyo ninavyofanya na langu.

Fundi Dizeli

Mkuu hapo juu, usimpoteze dada. La kwako ni la gia, la kwake ni haidrostati, ni wanyama wawili tofauti.

Dada, kwenye trekta lako injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, na oili inazungusha mota. Ndani ya pampu kuna sahani inayoinama kufuata mguu wako. Isipoinama hata kidogo, pistoni hazisukumi oili na trekta linasimama. Baada ya mota ndipo inapokuja gia boksi ya kawaida yenye kobe na sungura, na kwenye mengi ya haya madogo gia hizo hazina sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia kabla hazijashikana. Mwendo unaucheza kwa pedali. Ule mkono unachagua tu: kobe ni nguvu, sungura ni kasi. Kwa hiyo usiguswe trekta likitembea. Simama kabisa, shusha resi, ndipo uuguse.

Kuhusu meno kwisha, mimi sifungui gia boksi ya mtu kwa kusikiliza mlio. Fanya hivi: peleka trekta uwanja tambarare, vua tela, kaza breki ya kuegeshea, zima injini, halafu jaribu mkono. Ukikwama, kanyaga breki ya mguu, toa ile ya kuegeshea, legeza mguu kidogo trekta lisogee kama kidole kimoja, jaribu tena, maana huenda jino limekutana na jino tu. Ukiingia vizuri huku na huku, gia hazina neno kubwa. Kuna kitu kinachozunguka injini ikiwaka wakati hakipaswi kuzunguka. Ukibaki mgumu hata injini imezimwa, anza na vyuma vya nje: fimbo zinazotoka kwenye mkono kwenda gia boksi, bushi, pini, kutu.

Je, lina klachi ya mguu wa kushoto?

Binti Kibosho

Asante kaka. Klachi haina, upande wa kushoto kuna breki tu. Kesho nitajaribu.

Mzee Spana

Binti, fundi amesema vizuri, mimi naongeza la mteremkoni kwa sababu hilo linaua watu.

Ukisimama mteremkoni kwa kuachia pedali peke yake, kinacholizuia trekta ni oili iliyofungiwa kati ya pampu na mota. Uzito wote wa trekta, tela na ndizi unakaa juu ya meno ya gia boksi, yanabanana. Hapo hata uite vijana watatu, mkono hautoki. Na ukitoka kwa bahati mbaya ndiyo hatari yenyewe: kati ya sungura na kobe pana nyutro, na mkono ukiwa nyutro magurudumu hayana habari tena na mota. Linaondoka na wewe. Kwenye vihamba vyetu vile unajua linakoishia.

Kwa hiyo kijana wako achague kobe akiwa bado juu, pakiwa tambarare, kabla ya kuanza kushuka na mzigo. Ikilazimika kubadilisha mteremkoni, akanyage breki ya mguu kwanza, aikaze mpaka breki ndiyo ibebe uzito, ndipo aachie pedali ya mwendo. Mkono ukiwa bado mgumu, aiguse pedali ya mwendo kidogo sana, mbele au nyuma, huku breki imekanyagwa, meno yapumue, aachie, kisha avute mkono. Mguu hautoki kwenye breki mpaka gia iingie. Na asimruhusu mtu kusimama nyuma ya tela.

Binti Kibosho

Shikamoo mzee. Nimemsomea maneno yako neno kwa neno, amenyamaza kabisa.

Majibu ya jaribio: injini ikiwa imezimwa, uwanjani, mkono unaingia sungura, unarudi kobe, laini kabisa, hata mimi nimeusukuma kwa mkono mmoja. Nikiwasha injini tu, krrr.

Fundi Dizeli

Safi, umeokoa hela. Trekta lako linatambaa. Mguu umeachia pedali lakini sahani ya pampu haijarudi katikati kabisa, kwa hiyo mota inaendelea kuzunguka polepole. Likiwa ndani ya gia hulioni sana likitambaa, hasa breki ikiwa imekanyagwa. Ukitoa gia, mota inabaki haina mzigo, inazunguka inavyotaka, na unataka kuingiza gia iliyosimama kwenye gia inayozunguka. Kwa sasa jisaidie hivi: shusha resi mpaka sailensa, yaani injini iungurume polepole kabisa, kabla ya kubadilisha. Ikikataa, zima injini, badilisha, washa. Haiui trekta, inachosha tu.

Kulithibitisha: nyanyua magurudumu ya nyuma, weka stendi za chuma imara, usitegemee jeki peke yake. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Kama lina foo-wili itoe, la sivyo ya mbele yatalivuta litoke kwenye stendi. Washa, weka kobe, achia pedali. Magurudumu ya nyuma yakiendelea kuzunguka, nyutro ya pedali, yaani pale katikati pa kusimamia, imehama.

Ila kabla ya kushika spana, lala chini ukiwa umezima injini, uangalie pedali inakopita. Kuna fimbo, springi na mara nyingi kidampa kidogo cha kuizuia pedali isirudi kwa kishindo. Nyingi ninazoletewa huwa hazina ubovu zaidi ya uchafu.

Chuma Chakavu

Huku Ngaramtoni nilikuwa na kesi kama hiyo, springi ya kurudishia ilikuwa imekatika na mwenye trekta alifunga mpira wa baiskeli. Lilikuwa linatambaa mpaka linagonga banda.

Binti Kibosho

Wakuu mmejuaje! Chini ya pedali pamejaa udongo uliokauka na majani ya kufyekwa, umeshikana mpaka springi haionekani. Tumeuchokonoa kwa bisibisi, tukaosha, tukapaka grisi kwenye maungio. Sasa pedali inarudi kwa sauti, zamani ilikuwa inarudi kimya kimya.

Tukalipandisha kwenye stendi: bado yanazunguka, ila kidogo mno, kuelekea mbele. Mkono sasa unaingia mara nyingi bila kelele.

Fundi Dizeli

Hicho kidogo kilichobaki ni cha kurekebisha. Fuata fimbo ya pedali mpaka inapoingia ubavuni mwa haidrostati, utakuta mkono mfupi unaorudishwa katikati na springi, na boliti ya kurekebishia yenye nati ya kufungia. Weka alama kwa rangi mahali ilipo sasa. Zima injini, legeza nati, zungusha boliti kidogo sana, funga, washa, angalia. Likianza kuzunguka kinyumenyume umepita, rudi. Usizungushe boliti injini ikiwa inawaka ukiwa umelala chini ya magurudumu, tafadhali.

Dereva wa Mbuga

Kazi yote hiyo kwa mkono mmoja! Si bora auze anunue la gia kama langu, alime kwa raha.

Mzee Spana

Kwa kulima mbuga yako ya udongo mweusi nakubaliana nawe, haidrostati inapoteza nguvu njiani na inachemsha oili ikibebeshwa jembe zito siku nzima. Lakini yeye anafyeka kati ya mistari ya kahawa, mbele nyuma, mbele nyuma. Na la gia kila kukatisha kona ni klachi. Mwache na lake.

Binti, umesema asubuhi ni mbaya zaidi. Dipstiki ya gia boksi inatoa oili ya rangi gani?

Binti Kibosho

Ya kahawia, nzito, inavutika. Aliyeniuzia alisema aliweka mpya, namba 90. Kwani si ndiyo ya gia?

Mzee Spana

Ni ya gia, ila si ya trekta hilo. Kwenye mengi ya haya, oili moja ndiyo inayoendesha haidrostati, inapaka gia na kunyanyua mikono ya nyuma. Hiyo 90 asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba huko Kibosho inakuwa nzito mno, pampu inainyonya kwa shida na inaburuza gia hata zinapotakiwa kusimama. Ukisikia mlio wa kulialia ukiwasha, ni hiyo.

Imwage trekta likiwa limepata joto. Badilisha na filta ya haidrostati, usioshe ya zamani. Dukani uliza oili ya trekta ya UTTO, yaani ile ya gia boksi na haidroliki za trekta kwa pamoja, si ya injini wala ya breki. Ikitoka na weupe weupe, maji yameingia, uje useme hapa kabla ya kujaza. Na asubuhi liache liungurume dakika kadhaa kabla ya kulipeleka popote.

Binti Kibosho

Nimeelewa mzee. Ninunue lita ngapi?

Fundi Dizeli

Kila modeli ina kiasi chake, usinunue kwa kukisia. Pima uliyoimwaga kwa madumu, nunua na ziada kidogo. Jaza mpaka alama ya dipstiki, washa bila kupandisha resi, tembeza pedali mbele na nyuma, nyanyua na kushusha mikono ya nyuma mara kadhaa, zima, subiri itulie, pima tena na uongeze. Lazima itakuwa imeshuka, kwa sababu filta na mabomba vimeshiba. Ukitia namba ya modeli iliyopigwa kwenye kibati hapa, nitakuangalizia na namba ya filta.