Tupige marufuku neno, au tumshike anayelitumia?

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Molo, nchini Kenya. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye madoadoa meupe, na mama akitaka maziwa alinituma hivi: nenda kwa mwenye ng'ombe wa madoadoa. Neno hilo sikulijua vingine hadi mwishoni mwa 2007, nikiwa darasa la sita. Jioni moja baba alirudi sokoni, kwenye mkutano wa kampeni, akazima redio na kutuambia tulale na viatu miguuni. Msemaji mmoja alikuwa amesema madoadoa yaondolewe. Madoadoa tulikuwa sisi, jamii ndogo isiyo na asili ya pale, ambayo wazee wake walinunua ekari mbili tatu na kuzika wafu wao hapo hapo.

Ghasia za uchaguzi ule ziliua watu zaidi ya 1,100. Kwa hiyo mtu akiniambia uhuru wa kusema hauna mpaka, mimi hukumbuka viatu vile. Hata Katiba yetu ya 2010, ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza kisha inasema waziwazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya fimbo: anapewa nani, na inampiga nani.

Aprili 2022 Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno yasiyofaa kutamkwa wakati wa kampeni. «Madoadoa» lilikuwemo, na mama yangu alifurahi. Lakini pia lilikuwemo «hatupangwingwi», neno la mtaani la kusema hatupangiwi la kufanya, ambalo upande mmoja wa siasa ulikuwa umelifanya wito wake. Neno lililotisha familia usiku likawekwa kapu moja na neno la kuwakatalia wakubwa. Hilo liliniuma, kwa sababu tangu siku hiyo aliyetaka kuidharau orodha yote alipata sababu.

Sheria yenyewe ina busara kuliko orodha. Kifungu cha 13 cha sheria ya 2008 iliyounda tume hiyo kinaadhibu vitisho au matusi yanayokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au yanayoelekea kuichochea ukizingatia mazingira yote. Mazingira yote! Yaani nani amesema, wapi, mbele ya nani, na waliomsikiliza wana nini mikononi. Faini ni hadi shilingi milioni moja, kifungo hadi miaka mitatu.

Januari 2022 Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alilitumia neno «madoadoa» jukwaani Eldoret. Akakamatwa, akaomba radhi, akafikishwa mahakamani. Oktoba mwaka huo huo aliapishwa kuwa Waziri wa Kilimo. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kurudi Molo, alitazama kiapo kile kwenye runinga, akainuka akaenda kulala saa moja jioni.

Najua jibu la wanaoogopa sheria hizi, na wana haki ya kuogopa. Mpaka Aprili 2016, Mahakama Kuu ilipokifuta, kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilimtia hatarini yeyote aliyeandika mtandaoni jambo lililohesabiwa kuwa la kuudhi mno. Sheria ya namna hiyo humkuta kwanza mnyonge, yule tuliyesema tunamlinda. Rwanda inafundisha pande zote mbili: wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 redio ya RTLM iliwaita watu mende na kuwataja kwa majina wakatafutwe, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili Desemba 2003. Kisha sheria ya huko ya 2008 ya kupinga itikadi ya mauaji ya kimbari ikaandikwa kwa maneno mapana mno, ikalalamikiwa, na 2013 ikaandikwa upya.

Msimamo wangu basi: tusiguse maneno, tumguse mwenye kipaza sauti na umati nyuma yake, tena kwa ushahidi, hata kama kesi zake ni ngumu na nyingi hukwama. Aliyetukana peke yake kwenye simu yake ajibiwe na wenzake.

Wanaotaka orodha itolewe tena kabla ya Agosti 2027 wanijibu: msemaji wa Molo safari hii akisema «magugu», au asitamke neno lolote ila aelekeze kidole kwenye paa letu, orodha yenu itamshika wapi? Nanyi msiotaka sheria yoyote, mama alikuwa amjibu kwa hoja gani, usiku ule, tukiwa na viatu kitandani?